Elektroliti kwanza, lithiamu ya kutanguliza baadaye: mwongozo kwa waundaji wa seli wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayeunda seli yake ya kwanza ya lithiamu, ile ndogo ya mviringo ya CR2032 yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, karibu kila mara hudhani kwamba amekosea mahali. Ameweka anodi (upande unaopokea lithiamu seli inapochajiwa) ya grafiti iliyochanganywa na silikoni, ameichaji seli kwa mara ya kwanza, na mashine imeandika kwamba zimeingia mAh 5.8 (miliampia-saa, kipimo cha chaji), anapoitoa chaji, zinarudi mAh 4.6 tu. Katika mzunguko wa pili wa kuchaji na kutoa chaji, kinachoingia na kinachotoka karibu vinalingana, lakini ile mAh 1.2 ya mwanzo haionekani tena. Hakukosea. Lithiamu hiyo imetumika kujenga utando juu ya anodi, na haitarudi kazini maisha yote ya seli.

Utando huo hujengeka kwa sababu elektroliti za kawaida, yaani vimiminika vinavyopitisha lithiamu kati ya pande mbili za seli, hazistahimili volti ndogo ya anodi inayochajiwa. Anodi inaposhuka hadi karibu volti 0.8 ikilinganishwa na lithiamu, ethilini kabonati, ambayo wanamaabara huiita EC, huanza kuvunjika, na mabaki yake hushikana na ayoni, yaani chembe zenye chaji, za lithiamu na kuganda juu ya grafiti kama utando unaojifanya juu ya maziwa yaliyochemshwa. Tofauti ni kwamba utando huu tunauhitaji, kwa kuwa huizuia elektroliti isiendelee kuvunjika huku ukiziacha ayoni zipite. Shida ni gharama yake. Lithiamu yote inayozunguka ndani ya seli imeletwa na kathodi, upande wa pili wa seli, wala hakuna ghala jingine la kuongezea. Kila chembe inayonaswa kwenye utando ni kama gunia la viazi lililoachwa getini kuwa ushuru, na lori linafika sokoni likiwa na upungufu. Grafiti nzuri hutoza takribani asilimia 6 hadi 10 ya chaji ya kwanza. Anodi zenye silikoni nyingi hutoza mara mbili au tatu ya hapo, kwa sababu silikoni hufura hadi mara tatu au nne ya ukubwa wake inapopokea lithiamu, hupasuka, na kila uso mpya unaofunuka unadai utando wake.

Njia za kukabili hasara hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua elektroliti inayojenga utando mwembamba na imara. Ya pili ni kuitangulizia anodi lithiamu, yaani kuipa kiasi cha ziada kabla seli haijaanza kazi, ili ushuru ulipwe kwa akiba hiyo na si kwa lithiamu ya kathodi. Wengi ninaowaona huanza na ya pili, kwa kuwa matokeo yake huonekana siku ileile. Mimi nasema mpangilio huo ni kinyume. Lithiamu ya kutanguliza hulipa ushuru wa kuingia mara moja tu, ilhali elektroliti ndiyo inayoamua seli itatozwa kiasi gani kila siku baada ya hapo. Piga hesabu hii kwa kikokotoo cha simu: seli inayopoteza asilimia 0.1 ya lithiamu yake kila mzunguko hubakiwa na takribani asilimia 61 baada ya mizunguko 500. Inayopoteza asilimia 0.05 hubakiwa na 78. Inayopoteza asilimia 0.01 hubakiwa na 95. Hakuna akiba ya kutanguliza inayoweza kuifidia elektroliti mbaya kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, kiasi cha lithiamu unachopaswa kutanguliza hutegemea elektroliti uliyoichagua, na hivyo huwezi kukijua kabla ya kuichagua.

Ukavu, na kipimo kinachodanganya Mbeya

Chumvi inayotumika katika elektroliti nyingi ni LiPF6, na adui yake ni maji. Ikikutana na unyevu hutoa asidi ya HF, ambayo huula utando, huyeyusha madini ya kathodi, na kumuunguza mtu kwa namna ambayo maumivu huchelewa kusikika huku asidi ikizama ndani ya nyama. Kila maabara inayoshika elektroliti hii iwe na jeli ya kalsiamu glukoneti mahali panapojulikana na kila mtu, na elektroliti yenyewe ihifadhiwe katika chupa ya alumini au ya plastiki inayofaa, kamwe si ya kioo, kwa maana HF hula kioo. Elektroliti nzuri ya kiwandani huwa na maji yasiyozidi sehemu 20 kwa milioni. Ukiifungua mezani siku ya mvua ya Februari, huna haja tena ya kusoma kilichoandikwa kwenye lebo.

Kazi yote ya lithiamu hufanyika ndani ya sanduku la glavu lililojazwa gesi ya argoni, lenye maji na oksijeni chini ya sehemu 1 kwa milioni. Naitrojeni ni rahisi kuipata kuliko argoni, nami nimeulizwa mara nyingi kama haiwezi kutumika badala yake. Haiwezi. Lithiamu hula naitrojeni hata katika joto la kawaida la chumba, na karatasi inayong'aa kama fedha hugeuka nyeusi.

Elektrodi, yaani anodi na kathodi, zikaushwe katika oveni ya ombwe kwa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi usiku kucha, na vitenganishi vya plastiki, ambavyo huzizuia zisigusane, kwa nyuzi 60 hivi, kwa kuwa joto kubwa huvisinyaza. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani za dunia havilitaji. Kipimo cha mshale kilichofungwa kwenye oveni nyingi hulinganisha ombwe na hewa ya nje, na hewa ya Mbeya, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ina mgandamizo wa baa 0.83 hivi badala ya baa 1. Ni sababu ileile inayofanya maji yachemke hapa kwa nyuzi 94 na maharage yakawie jikoni. Kwa hiyo hata pampu kamili kabisa haitaufikisha mshale kwenye −1. Utasimama karibu na −0.83. Nimemwona kijana akiifungua pampu nzima, vali kwa vali, akitafuta uvujaji ambao haukuwapo. Andika alama ya mwisho ya mahali ulipo kwa kalamu kwenye kioo cha kipimo, kisha endelea na kazi.

Kuchagua elektroliti

Anza na mchanganyiko ambao tabia yake inafahamika: LiPF6 moli 1 hadi 1.2 kwa lita, katika EC sehemu 3 na ethili methili kabonati, yaani EMC, sehemu 7 kwa uzito. Upitishaji wake wa ayoni ni karibu milisimensi 10 kwa sentimita katika nyuzi 25. Kuongeza chumvi zaidi ya hapo hakuongezi kasi, bali huufanya mchanganyiko kuwa mzito na ayoni zikatembea kwa shida.

EC safi ni kitu kigumu. Huyeyuka kwa nyuzi 36, na katika maabara za kwetu chupa yake ni tonge jeupe asubuhi na mchana, mpaka uipashe moto kidogo ndipo imiminike. Ni haki kuuliza kwa nini basi tunaing'ang'ania, wakati propilini kabonati, yaani PC, ambayo inafanana nayo sana, hubaki maji hadi karibu nyuzi 49 chini ya sifuri. Jibu liko kwenye utando. PC huingia kati ya tabaka za grafiti pamoja na ayoni na kuzibandua, kama karatasi za kitabu kilicholowa, kabla ya utando kujengeka. Mwaka 1990 Jeff Dahn na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba EC huilinda grafiti isibanduke, na tangu hapo EC imebaki ndani ya karibu kila betri yenye anodi ya grafiti. PC inafaa kwa kaboni ngumu, ambayo haina tabaka zilizopangika kama za grafiti, au kwa kiasi kidogo ikiwa ina kiambato cha kuulinda utando.

Kabonati nyepesi zinazochanganywa na EC ndizo zinazoamua tabia ya seli katika baridi na joto, na kwetu jambo hili si la nadharia. Mtu anaweza kutoka Kitulo, ambako kuna usiku wa Juni na Julai unaoacha umande ulioganda juu ya nyasi, akafika Kyela kando ya Ziwa Nyasa kabla ya giza kuingia na kulala bila blanketi. Seli moja haiwezi kupendezwa sawasawa na sehemu zote mbili. Dimethili kabonati, yaani DMC, ni nyepesi na hupitisha ayoni vizuri, lakini yenyewe huganda kwa nyuzi chache juu ya sifuri na huchemka kwa nyuzi 90. EMC hustahimili baridi hadi nyuzi zaidi ya 50 chini ya sifuri. Kwa hiyo kwa seli ya kwenye baridi ya Makete au Njombe ningepunguza EC hadi asilimia 20 au 25, nikaipa EMC nafasi kubwa zaidi, na pengine nikaongeza esta nyepesi kama methili asetati kwa asilimia 10 hivi, nikijua kwamba esta huharakisha kasi katika baridi lakini hufupisha maisha ya seli isipokuwa utando umeimarishwa. Kwa seli ya Kyela ningefanya kinyume: EC ibaki asilimia 30, DMC ipungue au itoke kabisa, na macho yangu yangekuwa kwenye chumvi, kwa kuwa LiPF6 huanza kujivunja yenyewe joto linapozidi.

Viambato vya kuimarisha utando huwekwa kwa kiasi kidogo, nami nashauri mtu aanze na viwili tu. Vinilini kabonati, VC, kwa asilimia 1 au 2, inatosha kwa anodi ya grafiti pamoja na kathodi ya chuma fosfeti, ile LFP inayotumika kwenye betri nyingi za sola. Fluoroethilini kabonati, FEC, kwa asilimia 5 hadi 10, ndiyo inayohitajika pale penye silikoni. Vyote viwili huvunjika mapema kuliko EC, kwenye volti iliyo juu zaidi, na hivyo hutangulia kuweka msingi wa utando wenye nguvu. Lakini FEC hutumika na kwisha. Katika seli ndogo ya CR2032, ambayo kwa kawaida tunaitilia mikrolita 40 hadi 80 ili kitenganishi kilowe vizuri, FEC ni nyingi mno kulingana na silikoni iliyopo, na seli huonekana imara kwa mamia ya mizunguko. Ukiipeleka kanuni hiyohiyo kwenye seli kubwa yenye elektroliti ya kubana matumizi, uwezo utashuka taratibu kisha utaporomoka ghafla siku FEC itakapokwisha. Pima elektroliti kwa mikrolita, iandike, na uikadirie kwa kila mAh ya seli. Kwenye joto kubwa FEC pia huleta gesi na HF, kwa hiyo Kyela isizidi inavyohitajika.

Kuhusu LiFSI, chumvi nyingine ya lithiamu: hupitisha ayoni vizuri kuliko LiPF6 na huvumilia joto na unyevu zaidi, ila ikiwa peke yake huila karatasi ya alumini ya kathodi volti inapokaribia 4. Ichanganye na LiPF6, ambayo huikinga alumini. Kathodi za volti zaidi ya 4.4 zina elimu yake, na maabara inayoanza haina sababu ya kuzianzia.

Unda seli tatu kwa kila mchanganyiko, si moja, na uzilinganishe kwa mambo matatu: hasara ya chaji ya kwanza, upotevu wa kila mzunguko kuanzia wa 10 hadi wa 50, na uwezo unaobaki kwenye nyuzi 0. Seli zikae ndani ya kabati la joto lililotulia. Chumba chenye nyuzi 12 alfajiri na 24 saa nane mchana kitakupa mawimbi kwenye grafu ambayo utayafasiri kuwa tabia ya elektroliti, kumbe ni jua la Mbeya.

Kupima ushuru

Sasa elektroliti imechaguliwa. Unda nusu-seli: anodi yako upande mmoja, lithiamu tupu upande wa pili, kitenganishi katikati, elektroliti ileile. Iache ilowe saa 12, kisha ijaze anodi lithiamu kwa mkondo wa C/20, yaani mkondo unaoijaza kwa saa 20, hadi milivolti 10, na uitoe hadi volti 1 au 1.5. Tuchukue mfano ule wa mwanzo, wa anodi yenye kipenyo cha milimita 14, ambayo ni sentimita za mraba 1.54. Kila sentimita ya mraba imepokea mAh 3.75 na kurudisha 3.00; hasara ni mAh 0.75.

Ukiioanisha anodi hiyo na kathodi ya LFP ya mAh 2.7 kwa sentimita ya mraba, ili anodi iwe kubwa kwa karibu asilimia 10 kama inavyotakiwa, seli kamili itarudisha takribani mAh 1.95 tu. Zaidi ya robo imekwenda. Hapo kutanguliza lithiamu kuna faida ya wazi, kwa sababu LFP hupokea tena karibu lithiamu yote iliyoitoa na haina cha kufidia. Ikiwa kathodi yako ni NMC (ya nikeli, manganizi na kobalti) na anodi ni grafiti peke yake, fikiri mara mbili: NMC hushindwa kuipokea tena karibu asilimia 10 ya lithiamu yake baada ya chaji ya kwanza, na lithiamu hiyo isiyo na pa kurudi ndiyo inayolipa ushuru wa anodi. Hasara mbili zinafutana, na ukitanguliza lithiamu hapo utakuwa umejitwisha hatari bila malipo.

Kutanguliza lithiamu

Namba ya kukariri ni hii: karatasi ya lithiamu yenye unene wa mikroni 1 na eneo la sentimita 1 ya mraba hubeba mAh 0.206. Inatokana na ukweli kwamba gramu moja ya lithiamu hubeba mAh 3,860 na sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 0.534. Kwa hasara ya mAh 0.75 tunahitaji mikroni 3.6 tu, na kwa anodi nzima yenye mAh 1.16 tunahitaji miligramu 0.3 za lithiamu, uzito ambao hata mizani nzuri ya maabara huusoma kwa kusitasita. Karatasi zinazouzwa huwa na unene wa makumi ya mikroni. Kipande cha karatasi ya mikroni 50 kinachotosha anodi yetu kingekuwa na kipenyo cha chini ya milimita 4, kama kitufe cha nguo ya mtoto, na kikibandikwa katikati ya anodi kingeilisha kati ikashiba huku kingo zikibaki na njaa.

Kwa sababu hiyo njia ninayoipendekeza kwa maabara ndogo ni ya kupitisha lithiamu kwa mkondo wa umeme. Unda nusu-seli kama ile ya kupimia, ilowe, kisha iendeshe kwa C/20 na uisimamishe ikifikisha kiasi unachotaka. Usilenge hasara nzima. Lenga asilimia 85 yake, ambayo kwa mfano wetu ni mAh 0.98, kwa kuwa upungufu mdogo hupunguza uwezo kidogo tu, ilhali ziada hukosa nafasi ndani ya anodi wakati seli kamili inapojaa na kuota nje yake kama chuma kitupu. Fungua nusu-seli kwa koleo yenye ncha za plastiki ili isipige shoti, suuza anodi mara moja tu kwa matone machache ya DMC, iache ikauke ndani ya sanduku, na uiunganishe na kathodi mara hiyohiyo. Kuisuuza mara tatu au nne ni kuuondoa utando ulioutolea lithiamu. Usishangae pia kwamba sehemu ya lithiamu uliyoipitisha haijawa utando bado, bali imelala ndani ya silikoni na grafiti. Itamalizia kazi ndani ya seli kamili, na kinachohesabiwa ni jumla.

Asiye na mashine ya kuendeshea seli anaweza kutumia rezista. Unganisha lithiamu na anodi kwa nje kupitia rezista ya omu 1,500, huku kitenganishi kilicholowa kikiwa kati yao. Volti ikitulia karibu 0.3, mkondo ni miliampia 0.2, na mAh 0.98 itapita kwa saa tano hivi. Soma volti kwenye rezista kwa mita kila baada ya nusu saa, gawanya kwa 1,500 kupata mkondo, zidisha kwa muda uliopita, na ujumlishe. Mwanzoni usome kila dakika tano, kwa kuwa volti huanza juu na kushuka haraka. Ni kazi ya daftari na subira, lakini ni salama kuliko kuibana lithiamu moja kwa moja juu ya anodi iliyolowa, ambako shoti ya ndani huendesha mambo kwa kasi isiyo na breki.

Njia nyingine nazitaja kwa kifupi. Unga wa lithiamu uliovikwa ganda la kinga hunyunyizwa juu ya anodi na kubanwa kwa rola ili ganda lipasuke. Unafaa kiwandani, na vumbi lake ni hatari kwa mtu asiyeuzoea. Mchanganyiko wa lithiamu na nafthalini katika kiyeyusho cha etha, wenye rangi ya kijani iliyoiva sana, huilisha anodi kwa kuichovya, na rangi hufifia kadiri lithiamu inavyotumika. Unafaa kaboni ngumu na silikoni, lakini volti yake haishuki vya kutosha kuijaza grafiti, na etha zenyewe huweza kuibandua grafiti kama PC. Viongezi vya kathodi, kama Li5FeO4 au Li2NiO2, hutoa lithiamu yao katika chaji ya kwanza na kubaki humo kama mzigo usiofanya kazi. Vinavutia kwa sababu havihitaji kushika lithiamu tupu, ila huchukia hewa yenye unyevu, na ukali wao wa magadi huugandisha uji unaopakwa kutengeneza elektrodi wakati wa kuukoroga. Vikitoa gesi, seli ya mfuko (iliyofungwa kwa foili laini badala ya kopo) lazima itobolewe, itolewe gesi, na kuzibwa upya.

Mabaki ya lithiamu yakatwe vipande vidogo na kumalizwa polepole ndani ya isopropanoli, katika kabati la kutolea hewa chafu. Yakishika moto, zima kwa unga mkavu wa grafiti. Maji na kizimamoto cha kaboni dayoksaidi huongeza moto.

Nilivyokosea mwenyewe

Mwaka fulani nilipima ushuru wa anodi kwa elektroliti ya kawaida, kisha FEC ikafika, nikabadilisha elektroliti na kuacha hesabu ya zamani ilivyo. Elektroliti mpya ilitoza kidogo kuliko ya kwanza, na lithiamu niliyoitanguliza ikawa ziada. Kwenye mashine seli zilionekana za kupendeza kwa mizunguko 20, kisha zikaanza kucheza. Nilipoifungua moja ikiwa imejaa, katikati ya anodi palikuwa na rangi ya dhahabu, ambayo ndiyo rangi halali ya grafiti iliyoshiba lithiamu, lakini ukingoni palizungukwa na ukungu wa kijivu, mwororo kama kuvu juu ya mkate. Huo ulikuwa lithiamu tupu. Tangu siku hiyo, kati ya kila seli sita zenye anodi niliyoitangulizia lithiamu, moja hufunguliwa baada ya chaji ya tatu, na kadi ya kila anodi huandikwa jina la elektroliti kabla ya namba yoyote.

Chaji za kwanza za seli kamili ziwe za polepole: mizunguko miwili au mitatu kwa C/20 au C/10, baada ya seli kulowa usiku mzima, kwenye nyuzi 25 hadi 30.

Kwa fundi asiye na sanduku la glavu

Mafundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanaofunga betri za sola na za pikipiki za umeme huniuliza kama wanaweza kuifungua seli iliyochoka na kuiongezea elektroliti. Hapana. Seli ikishafunguliwa hewani, unyevu umeingia, HF imeanza kutoka, na kilichobaki ni hatari ya moto. Uchaguzi wa elektroliti mlishafanyiwa na kiwanda, nanyi mnaununua bila kuuona. Unaonekana katika mstari mmoja wa karatasi ya maelezo, ule wa joto la kuchajia. Seli nyingi za LFP zimeandikwa kuchaji kati ya nyuzi 0 na 45, na kutoa chaji kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri. Watu husoma namba ya pili na kudhani betri inaruhusiwa kulala nje Kitulo na kuchajiwa jua linapochomoza. Chini ya sifuri ayoni haziwahi kuingia ndani ya grafiti, hurundikana nje yake kama ule ukungu wa kijivu, na lithiamu iliyopotea hivyo haitofautiani na iliyokwenda kwenye utando, isipokuwa hii inaweza pia kutoboa kitenganishi.

Kwa mteja wa Makete au Njombe, basi, nunua betri ambayo bodi yake ya kinga hukata chaji kwa kipima joto, na kama kidhibiti cha sola kinaruhusu, weka kianze kuchaji kwenye nyuzi 5 na kwa mkondo mdogo hadi nyuzi 10. Betri ikae ndani ya nyumba, kwenye sanduku la mbao, mbali na jiko. Kipima joto kifungwe kwenye seli ya katikati ya pakiti, wala si kwenye kava, kwa sababu baada ya usiku wa baridi kali kava hupata joto upesi na kusoma nyuzi 12 saa tatu asubuhi, wakati seli za kati bado ni baridi kama zilivyokuwa alfajiri.